Ratiba ya Masomo Nyumbani na Mzigo wa Binti Mkubwa

Tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya kutangazwa kwa mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini Tanzania, Serikali iliagiza shule zote za awali, za msingi na za sekondari zifungwe. Wanafunzi wa kidato cha sita na wa vyuo vikuu waliruhusiwa kurudi masomoni tarehe 1 Juni. Wengine wote walingoja hadi tarehe 29 Juni. Kwa mtoto wa shule ya msingi mjini Mbeya, kama kwa mwenzake wa pwani, hizo zilikuwa siku 104 za kukaa nyumbani. Nao hawakuwa peke yao. Shirika la UNESCO lilikadiria kwamba katika kilele cha maradhi hayo wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 duniani walifungiwa milango ya madarasa.

Katika majuma yale mengi yalisemwa juu ya vyombo. Masomo yalitangazwa kwa redio na kwa televisheni, na wananchi wakajadiliana ni nyumba ngapi zina umeme, ngapi zina simu, na ngapi zina vitabu. Mjadala huo ulikuwa wa haki. Hata hivyo swali moja halikuulizwa ipasavyo: katika nyumba yenye watoto wanne au watano, kila mmoja akiwa na darasa lake, ni nani hasa atakayefanya kazi ya kufundisha? Redio husema lakini haisikilizi. Kitabu hakimwondoi mtoto wa miaka mitatu juu ya daftari la kaka yake.

Swali hilo halikupita pamoja na mwaka 2020. Mwezi Aprili 2024 sehemu ya Mlima Kawetele iliporomoka baada ya mvua kubwa, na tope likafunika nyumba na shule katika kata ya Itezi, jijini Mbeya. Mito hufurika, barabara hukatika, na kila mwaka likizo za Juni na Desemba huwarudisha watoto wote nyumbani kwa wakati mmoja. Haipendekezwi hapa kwamba nyumba ichukue nafasi ya shule. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 humtaka mzazi ampeleke mtoto wake shuleni, na hivyo ndivyo ipasavyo kuwa. Hoja ni kwamba siku za nyumbani zipo, ni nyingi, na hapana budi zipangwe kwa kalamu na karatasi. Zisipopangwa, gharama yake hulipwa na mtu mmoja ambaye hakuulizwa: binti mkubwa.

HESABU YA DAKIKA

Na ichukuliwe kwa mfano nyumba moja ya kubuni huko Uyole, nje kidogo ya katikati ya jiji la Mbeya. Baba ni seremala na karakana yake iko uani. Mama huuza mboga katika soko la Mwanjelwa. Huondoka alfajiri na kurejea alasiri. Bibi mzaa baba yupo nyumbani, hakubahatika kusoma. Watoto ni watano: binti wa darasa la saba, kijana wa darasa la tano, binti wa darasa la tatu, mtoto wa darasa la kwanza, na mdogo wao wa miaka mitatu.

Wazazi wenye nia njema aghalabu huanza kwa kuiga shule. Huandika vipindi vinne kwa siku, kila kipindi dakika 40, kwa kila mtoto. Hesabu yake ni nyepesi: watoto wanne mara vipindi vinne ni vipindi 16, na vipindi 16 vya dakika 40 ni dakika 640, yaani saa 10 na dakika 40 za mwalimu kila siku. Hakuna mzazi mwenye saa hizo. Seremala akiziacha mbao zake kwa muda huo, watoto watalala na njaa huku wakijua kugawanya kwa sehemu.

Basi juma la kwanza ratiba hufuatwa, juma la pili hulegea, na juma la tatu hufa kimyakimya. Hapo ndipo husikika maneno yanayofahamika katika nyumba nyingi: "Dada yenu atawasomesha." Dada huyo, ambaye tayari amefagia, ameteka maji na amepika uji, sasa ni mwalimu wa madarasa matatu na mlezi wa mtoto mdogo. Daftari lake mwenyewe hulifungua usiku, akiwa amechoka. Naye ndiye aliye karibu na mtihani kuliko wote.

Kosa la ratiba ile ni kudhani kwamba kilicho haba nyumbani ni masomo. Masomo yamo tele. Kilicho haba ni dakika za mtu mzima aliye tayari kumtazama mtoto mmoja usoni na kumsikiliza. Mhandisi akipewa mashine moja na kazi nyingi, huanza kwa kuuliza ni kazi zipi haziwezi kabisa kufanywa bila mashine hiyo. Nyingine zote huzipeleka mahali pengine. Nyumba nayo yafaa ipangwe kwa kanuni hiyo hiyo.

FUNZO LA "MTU NI AFYA"

Tanzania ina uzoefu wake katika jambo hili. Mwaka 1973, kwa muda wa majuma 12, kampeni ya "Mtu ni Afya" ilifundisha watu wazima wapatao milioni 2 juu ya usafi na kinga ya maradhi kama malaria na kuhara. Redio ilitumika, lakini haikuachwa peke yake. Watu walikaa katika vikundi. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo mafupi pamoja na kijitabu. Walisikiliza, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakaenda kufanya kazi: kuchimba vyoo, kufyeka majani, kufukia madimbwi.

Vipindi vya mwaka 2020 vilipofika nyumbani mara nyingi havikukuta kikundi wala kiongozi. Mtoto alisikiliza, kipindi kikaisha, mambo yakaishia hapo. Nyumba yenye watoto watano tayari ni kikundi. Inachokosa ni mgawanyo wa kazi.

AINA TATU ZA KAZI

Kazi zote za masomo ya nyumbani zaweza kuwekwa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni somo la pamoja. Habari moja husomwa kwa sauti mbele ya wote, na kila mtoto hufanya jambo la kimo chake: wa darasa la kwanza hutafuta maneno yanayoanza na herufi fulani, wa darasa la tatu huandika sentensi mbili, wa darasa la tano hufupisha habari, wa darasa la saba hutunga maswali ya kuwauliza wenzake. Mtu mzima mmoja hutosha.

Fungu la pili ni kazi ya kujitegemea: hesabu za mazoezi, mwandiko, kusoma kimya. Hapa mtu mzima hahitajiki ila mwanzoni na mwishoni. Jambo muhimu ni kwamba kazi iwe tayari imeandikwa tangu jana yake, ili mtoto asiulize "nifanye nini?" kila baada ya dakika tano.

Fungu la tatu ni dakika za pekee, yaani mzazi na mtoto mmoja. Hizi ndizo ghali, nazo zisitumike kwa kueleza yaliyomo kitabuni. Zitumike kwa kuuliza na kusikiliza. Mwaka 1885 mwanasayansi wa Kijerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akikariri silabi zisizo na maana na kupima alivyozisahau. Aligundua kwamba usahaulifu huenda mbio sana mwanzoni, kisha hupungua kasi. Na kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa hushika kuliko marudio mengi ya siku moja. Uchunguzi uliofuata umethibitisha jambo hilo mara nyingi, na umeonyesha pia kwamba kujaribu kukumbuka bila kutazama kitabu hujenga kumbukumbu zaidi ya kukisoma tena. Kwa hiyo jedwali la kuzidisha la Jumatatu liulizwe tena Jumanne, kisha Alhamisi, kisha Jumatatu ijayo. Dakika 15 za kuulizwa namna hiyo zina faida kuliko saa nzima ya mzazi kuhutubu.

Na hapa bibi asiyejua kusoma ana kazi kubwa. Mtoto akimsomea ukurasa, kisha bibi akamwambia, "Mjukuu wangu, sasa funga hicho kitabu unisimulie," mtoto huyo amefanya zoezi lile lile ambalo wataalamu wa kumbukumbu hulisifu. Kusikiliza kwa makini hakuhitaji cheti.

SIKU MOJA YA MWEZI JUNI

Kabla ya kuandika saa, ni vema kulitazama jua. Saa za Tanzania ni moja, lakini jua si moja. Mbeya iko magharibi ya Dar es Salaam kwa takriban nyuzi 6 za longitudo, na kila uzi mmoja ni dakika nne. Mwezi Juni jua la Mbeya huchomoza yapata saa 1:00 asubuhi, karibu nusu saa baada ya lile la Dar es Salaam, na baridi ya alfajiri huweza kushuka chini ya nyuzi 10 za Sentigredi. Mtoto aliyejikunyata kwa baridi gizani hajifunzi. Lakini fidia ipo jioni: jua huchwa yapata saa 12:30, na mwanga wake hauna bili.

Basi siku ya nyumba ile ya Uyole yaweza kwenda hivi. Hadi saa 2:30 ni uji, maji na ufagio, kwa zamu zilizoandikwa. Saa 2:30 hadi 3:10 baba huongoza somo la pamoja kabla ya kuingia karakana. Saa 3:10 hadi 4:00 ni kazi ya kujitegemea kwa watoto wanne, na bibi yuko na mdogo. Saa 4:00 hadi 4:20 wakubwa huwafundisha wadogo: binti wa darasa la saba na yule wa kwanza, kijana wa darasa la tano na yule wa tatu. Kisha masomo ya daftari yamekwisha hadi jioni. Saa 10:00 hadi 11:00, mama akiwa amekwisha kupumzika, hukaa na kila mmoja wa wale wanne dakika 15, wengine wakicheza au wakimaliza kazi zao.

Wazazi wawili wametumia dakika 100 kwa jumla: baba 40, mama 60. Zile 640 zilikuwa ndoto. Hizi 100 zawezekana, ijapokuwa nazo si bure, kwani kwa fundi dakika 40 ni sehemu ya meza ya mteja.

Mpangaji mwangalifu ataanza na mtoto wa miaka mitatu, ambaye hana darasa, maana ndiye awezaye kuivunja siku nzima. Apewe mlezi anayejulikana kwa kila saa, na vitu vyake vya kushika wakati wa masomo: magunzi ya mahindi ya kupanga, vifuniko vikubwa, kipande cha mbao laini kutoka karakana. Punje za maharage zisitumike kwake. Watoto wa umri huo huzitia puani.

SOMO LILILOMO SUFURIANI

Masomo ya daftari yakikoma saa 4:20, sayansi haikomi. Chakula cha mchana chaweza kuwa maharage, zao ambalo watafiti wa kilimo wa Uyole wamelishughulikia kwa miaka mingi. Usiku uliotangulia mtoto wa darasa la kwanza huhesabu punje 100 na kuziloweka. Asubuhi mtoto wa darasa la tatu hupima maji yaliyosalia na kutoa: mengine yamekwenda wapi? Punje zilizolowekwa usiku kucha hukaribia kufikia uzito maradufu. Kijana wa darasa la tano huandika saa sufuria ilipoanza kuchemka na saa maharage yalipoiva, na siku nyingine hufanya hivyo kwa maharage ambayo hayakulowekwa, ili alinganishe.

Binti wa darasa la saba huulizwa swali gumu. Kwa nini maharage yale yale huchelewa kuiva Mbeya kuliko kwa shangazi aliyeolewa Kyela? Jibu limo katika hewa. Jiji la Mbeya liko yapata mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa iliyo juu yake ni pungufu na mgandamizo wake ni mdogo, hivyo maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 94 hivi. Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, iko chini ya mita 600, na maji yake huchemka kwenye nyuzi 98 hivi. Kuongeza moto hakusaidii, kwani maji yanayochemka katika sufuria ya kawaida hayapati joto zaidi; huongeza mvuke na hasara ya mkaa tu. Familia iliyoelewa jambo hilo imejifunza fizikia na imeokoa fedha kwa pamoja. Sharti moja tu: jiko lisiachwe bila mtu mzima karibu.

BINTI MKUBWA

Sasa hoja yenyewe. Katika ratiba iliyoelezwa, binti wa darasa la saba hufundisha dakika 20 kwa siku, basi. Kwa nini asifundishwe kabisa kuwa mwalimu msaidizi, au kwa nini asiachiliwe kabisa?

Kumwachilia kabisa kungekuwa hasara yake mwenyewe. Mwaka 1982 Peter Cohen, James Kulik na Chen-Lin Kulik walikusanya tathmini 65 za mipango ya mashuleni ambamo wanafunzi waliwafundisha wenzao. Waliofundishwa walinufaika, waliofundisha nao walinufaika katika somo walilolifundisha. Anayelazimika kumweleza mdogo wake kwa nini nusu ni kubwa kuliko theluthi hugundua kama yeye mwenyewe anajua. Lakini faida hiyo ilipatikana katika mipango yenye muda maalumu na somo maalumu. Kumwachia msichana nyumba nzima tangu alfajiri hadi usiku ni utumishi uliovikwa joho la elimu.

Mwaka 2016 shirika la UNICEF lilieleza kwamba duniani wasichana wa miaka 5 hadi 14 hutumia muda uliozidi ule wa wavulana kwa asilimia 40 katika kazi za nyumbani zisizo na ujira. Shule ikifunguliwa, kengele humwokoa msichana kwa saa kadhaa kila siku: ndani ya darasa hakuna awezaye kumwita akaoshe vyombo. Shule ikifungwa, kengele hiyo hunyamaza. Kaka yake amepoteza masomo. Yeye amepoteza masomo pamoja na kinga.

Ndiyo maana karatasi ya ukutani ina thamani kubwa kuliko inavyoonekana. Dakika 50 za kazi yake ya kujitegemea zikiandikwa kwa jina lake, atakayemwita katikati yake anavunja kanuni ya nyumba, naye anaweza kuonyesha ukuta bila kuonekana mkaidi kwa wakubwa zake. Kijana wa darasa la tano akiandikwa zamu ya maji na zamu ya kufundisha, hawezi kudai kwamba hizo ni kazi za wasichana. Kilichoandikwa hujadiliwa, kisichoandikwa humwangukia mwenye moyo laini.

PINGAMIZI

Wapo watakaosema kwamba kumpa binti mkubwa majukumu ndiyo malezi, na kwamba mama zetu walikua hivyo wakawa watu bora. Ni kweli kwamba kazi hulea. Lakini kama kazi ni malezi, kwa nini mvulana anyimwe malezi hayo? Na wale mama waliokua hivyo, wengi wao ndio leo wanaosema wangependa kusoma zaidi.

Wengine watasema likizo ni ya kupumzika. Nao wana haki. Ratiba iliyotajwa humpa mtoto mkubwa saa mbili au tatu za masomo, na sehemu kubwa ya siku hubaki kwa michezo, shamba na usingizi. Wengine tena watasema mambo haya ni ya watu waliosoma. Nyumba ya mfano ina seremala, muuza mboga na bibi asiyejua kusoma. Vifaa vyake ni daftari, saa, sufuria na karatasi moja ukutani.

YAFAAYO KUFANYWA

Lipo jambo ambalo wazazi hawawezi kulifanya peke yao. Shule, inapofunga, haina budi kumpa kila mtoto karatasi moja ya darasa lake: mambo kumi ya kurudia, na maswali ya kuulizwa kwa mdomo. Wanaotayarisha masomo ya redio wakumbuke kundi la "Mtu ni Afya" na watayarishe vipindi vya nyumba yenye madarasa kadhaa, ambamo habari moja huwa na kazi tatu au nne za vimo mbalimbali. Watafiti wa elimu nao wana kazi ya kwenda majumbani na kupima dakika: nani alifundisha, nani alifundishwa, na nani alipika wakati wenzake wakisoma.

Wazazi nao wanaweza kuanza mapema. Usiku wa kwanza wa likizo ijayo, wakae na watoto wote, pamoja na bibi, waiandike karatasi hiyo kwa sauti ya kila mmoja. Na jina la kwanza kuandikwa, pamoja na saa zake zisizoguswa, liwe la binti mkubwa.